Stockfish, Leela au majedwali ya Syzygy: umuulize nani mchezo unapoelekea sare

Vijana wanaocheza sataranji Mbeya na Iringa siku hizi hawakosi injini mfukoni, yaani programu ya kuchambua mchezo. Mchezo ukiisha tu simu inatoka, hatua zinaingizwa, na namba inayotokea inachukuliwa kuwa hukumu: +2.1, basi "nilikuwa nashinda". Kwa ufunguzi na katikati ya mchezo namba hiyo ni msaada mkubwa. Kwenye miisho, kete zinapobaki chache ubaoni, hasa miisho ya sare, inawapoteza wengi, na ubovu wa injini hauhusiki. Tatizo ni kwamba vitu vitatu tunavyovichanganya kwa jina hilo moja havijibu swali moja.

Stockfish inajibu hivi: kuanzia hapa, wachezaji wawili wenye nguvu sawa wakiendelea, upande upi una nafasi zaidi ya kushinda, na kwa kiasi gani? Leela, kwa jina kamili Leela Chess Zero, inajibu jingine: hali inayofanana na hii huishia wapi, kwenye ushindi, sare au kushindwa, na kila kimoja kwa asilimia ngapi? Majedwali ya Syzygy, yaani hifadhi ya majibu yaliyokwisha kuhesabiwa ya hali zenye kete chache, yanajibu la tatu: pande zote zikicheza bila kosa hata moja, matokeo ni yapi? Mwanafunzi akifungua simu anadhani ameuliza hilo la tatu. Mara nyingi amejibiwa la kwanza.

Namwandikia mwalimu au kiongozi wa klabu anayetaka kuamua aweke nini kwenye kompyuta moja ya maabara na kwenye simu za vijana, awe Mbeya, Iringa, Njombe au Songwe, bando likiwa la kununua na umeme ukiwa na siku zake. Msimamo wangu nautaja mapema. Kete zikibaki saba au pungufu, wafalme wakihesabiwa, acha injini na uulize jedwali. Zikizidi saba, tumia Stockfish, lakini usome mwenendo wa namba kuliko namba yenyewe. Leela ni ya tatu, na kwa klabu nyingi za kwetu inaweza kusubiri.

Stockfish

Mnunuzi wa viazi pale Uyole akiinua gunia la lumbesa kidogo tu anaweza kutaja kilo zake na akakaribia sana, kwa sababu ameinua magunia mengi maishani. Stockfish inakadiria hali ya ubao kwa namna hiyo. Jedwali ni mzani.

Kazi ya Stockfish ina sehemu mbili. Ya kwanza ni upekuzi: inacheza kichwani hatua zangu, majibu yako, majibu yangu, matawi kwa matawi, ikikata yale yasiyo na maana. Ya pili ni tathmini: inapofika mwisho wa tawi lazima iipe hali ile namba. Tangu Stockfish 12 ya Septemba 2020 namba hiyo hutolewa na mtandao mdogo wa neva uitwao NNUE, aina aliyoibuni Yu Nasu wa Japani mwaka 2018 kwa ajili ya shogi, sataranji ya Kijapani. Uzuri wake ni kwamba unakwenda vizuri kwenye prosesa ya kawaida. Ndiyo maana simu ya bei nafuu, isiyo na intaneti, ndani ya basi kati ya Mafinga na Makambako, inabeba mchezaji mwenye nguvu kuliko bingwa yeyote wa dunia.

Zamani tathmini iliandikwa kwa mkono. Ndani yake mlikuwa na vipengele mahususi vya miisho: maaskofu wakiwa wa rangi tofauti punguza matumaini, askofu na askari wa pembeni, nyumba ya kugeukia ikiwa si ya rangi ya askofu, shusha hadi sifuri. Stockfish 16.1, iliyotoka Februari 2024, iliondoa tathmini hiyo ya mkono yote. Nguvu ya injini haikupungua, maana mtandao ulikuwa umeshaipita kwa mbali. Lakini msomaji wa namba ajue kwamba ndani mle hamna tena mstari wa maandishi unaosema "hali hii ni sare inayojulikana". Kuna mtandao uliojifunza kutokana na hali nyingi mno, na upekuzi unaojaribu kuona mbali. Vyote viwili vikishindwa kuona sare, utapewa namba nzuri na utaiamini.

Namba yenyewe nayo imebadilika maana, na wengi hawajui. Wengi wetu tulifundishwa kwamba +1.00 ni sawa na kuzidi kwa askari mmoja. Tangu Stockfish 15.1 ya Desemba 2022 kipimo kimewekwa upya ili +1.00 iwe nafasi ya asilimia 50 ya kushinda, injini ikicheza na injini ya nguvu ileile. Nusu inayobaki karibu yote ni sare. Kwa hiyo kijana anayesema "nilikuwa na plasi moja nikatoka sare, nimeharibu" huenda hakuharibu chochote.

Sifuri kamili ina tabia yake. Mezani sheria za FIDE, shirikisho la sataranji la dunia, zinataka hali ileile itokee mara tatu ndipo mchezaji adai sare. Ndani ya upekuzi wake Stockfish haisubiri hivyo. Hali ikijirudia mara moja kwenye tawi inalolipekua, inaihesabu sare na kuendelea na matawi mengine. Ndiyo maana 0.00 mara nyingi ni habari kwamba injini imepata njia ya kurudia: cheki zisizoisha, au ngome inayomfukuza mfalme huku na huku. Hiyo ni sare kwa anayeona kila kitu. Kwa kijana wa kidato cha pili mwenye dakika tatu kwenye saa yake, hali ya 0.00 yenye hatua moja tu ya kujiokoa ni ngumu kuliko hali ya -0.60 ambayo hatua tano zote zinatosha. Mwalimu akitazama mstari wa kwanza pekee, yaani njia ambayo injini inaiona bora, hataona tofauti hiyo. Afungue mistari mitatu au minne ya injini kwa pamoja. Kama wa kwanza ni 0.00 na wa pili ni -6, sare ile inategemea hatua moja tu.

Sasa nije kwenye boma, mahali Stockfish inapohitaji msomaji makini kuliko pengine popote. Boma ni hali ambayo upande mmoja umezidiwa kete lakini adui hana mlango wa kuingilia. Weka hii ubaoni mwenyewe. Weupe: mfalme g2, askofu e2, askari a4, c4, e4 na g4. Weusi: mfalme g7, askari a5, c5, e5 na g5. Askari wote wamekwamishana. Mfalme mweupe akitaka kuvuka lazima apite b4, d4, f4 au h4, na nyumba zote nne zinalindwa na askari weusi. Askofu ni wa nyumba nyeupe na askari weusi wote wamesimama kwenye nyumba nyeusi, kwa hiyo hatamgusa hata mmoja wao mpaka kiama. Mweusi anazungusha mfalme wake kwenye mistari mitatu ya nyuma, basi. Hata akikosa pa kwenda bila kutishiwa, hiyo nayo ni sare.

Binadamu akilielewa hilo hahitaji kuhesabu tena. Injini inayo kazi kubwa zaidi, kwa sababu lazima igundue hakuna mlango kwa kupapasa ukuta wote. Kete ni kumi na moja, kwa hiyo hakuna jedwali la kuisaidia. Iache ifanye kazi, utazame namba kadiri kina cha upekuzi, yaani umbali inaotazama mbele, kinavyoongezeka kutoka 15 hadi 25 hadi 35. Hali ya kushinda kweli hupanda: njia inafunguka, askari anasogea, kete inaliwa, namba inakua. Boma halipandi. Namba inasimama palepale, au inashuka polepole, na hatua zinazopendekezwa ni mfalme kwenda f2, mfalme kurudi g2, askofu d1, askofu e2.

Huko kushuka polepole kuna sababu, na kunamsaidia sana mwalimu. Stockfish inapunguza tathmini yake kidogo kidogo kadiri hatua zinavyopita bila askari kusogea na bila kete kuliwa, kwa sababu sheria ya hatua 50, inayoruhusu kudai sare hatua hizo zikifika, inakaribia. Namba ikiyeyuka hivyo huku askari hawasogei, ni kama injini inakiri kwamba haina mpango. Kijana akiniletea mchezo na kuuliza, "Mwalimu, mbona inasema nimezidi lakini hainipi njia?", humwambia, "Nihesabie, mwanangu, askari wangapi wamesogea kwenye hizo hatua ishirini inazokuonyesha." Akihesabu akakuta hakuna, amejijibu.

Stockfish inaweza pia kuonyesha asilimia za kushinda, sare na kushindwa ukiwasha chaguo la UCI_ShowWDL. Usidanganyike kwamba hilo ni jicho la pili. Asilimia hizo zinakokotolewa kutoka namba ileile, pamoja na kiasi cha kete zilizobaki, kwa kulinganisha na michezo mingi ambayo injini imecheza na nafsi yake. Namba ikikosea juu ya boma, asilimia zitakosea nayo.

Majedwali ya Syzygy

Hapa hakuna kukadiria. Jedwali limejengwa kinyumenyume: linaanza na kila hali ambayo mfalme ameshafungwa, linarudi hatua moja nyuma, kisha nyingine, mpaka kila mpangilio wa kete hizo umepewa jibu lake. Ronald de Man alitoa muundo wa Syzygy mwaka 2013 kwa kete zisizozidi sita. Majedwali ya kete saba ya muundo huo yalikamilishwa na Bojun Guo mwaka 2018. Kabla yake, mwaka 2012, watafiti wa Chuo Kikuu cha Moscow walikuwa wametengeneza majedwali yao ya kete saba, Lomonosov, yenye ukubwa wa terabaiti 140 hivi, na humo ikaonekana hali inayohitaji hatua 549 kumfunga mfalme.

Mara nyingi mzani huu umewaumbua wenye uzoefu. Tangu kitabu cha Kling na Horwitz cha mwaka 1851, iliaminika kwamba maaskofu wawili dhidi ya farasi mmoja, bila askari, ni sare, kwa kuwa farasi ana boma lake karibu na kona. Mwaka 1983 kompyuta ya Ken Thompson ilimaliza hesabu ikaonyesha kwamba maaskofu wanashinda karibu kila hali, ingawa pengine huhitaji hadi hatua 66. Miaka zaidi ya mia moja na thelathini ya vitabu ikapinduliwa na hesabu.

Hatua 66, wakati sheria inatoa 50. Ni hapo Syzygy inapoyapita majedwali ya zamani ya Nalimov, yaliyohesabu hatua hadi mfalme kufungwa bila kujali sheria hiyo. Syzygy ina majibu matano badala ya matatu: ushindi, ushindi uliozuiwa na hatua 50, sare, kushindwa kulikookolewa na hatua 50, na kushindwa. Mezani, yale mawili ya pembeni ya sare nayo ni sare, mradi mchezaji aliyezidiwa ajue kuhesabu na kudai. Chini ya sheria za FIDE mwamuzi hasimamishi mchezo mwenyewe mpaka zifike hatua 75. Klabu nyingi haziwafundishi vijana kudai sare ya hatua 50, na kila mwaka pointi zinapotea hivyo. Mwenye majedwali ana mfano wa kuwaonyesha: hali ambayo nguvu ya kete inasema kushindwa na sheria inasema nusu pointi.

Mfano mkubwa zaidi wa kazi ya majedwali ulitokea Dubai tarehe 3 Desemba 2021, mchezo wa sita wa ubingwa wa dunia kati ya Magnus Carlsen na Ian Nepomniachtchi. Ulikwenda hatua 136, mrefu kuliko wowote katika historia ya ubingwa huo. Mwishoni Carlsen alikuwa na ngome, farasi na askari wawili dhidi ya malkia peke yake: kete saba kamili. Mtu mwenye jedwali mkononi, hata akiwa kwenye kibanda Mwanjelwa, alijua hali ile ni sare kuliko walivyojua wachezaji wenyewe waliokuwa wamechoka. Ilibaki sare mpaka hatua ya 130, Nepomniachtchi alipompeleka malkia e6. Jedwali likageuka papo hapo kuwa ushindi. Wapo wanaosema mchezo ule unathibitisha jedwali halina faida kwa binadamu, maana "sare" yake haikumwokoa aliyekuwa na malkia. Mimi naona umeonyesha faida yake: watazamaji wa kawaida waliweza kutaja kwa uhakika hatua iliyopoteza mchezo, badala ya kubishana.

Lakini jedwali lina upungufu, na mwalimu anayelichagua lazima aujue. Katika hali ya sare huenda hatua kumi na mbili zote zikaandikwa "sare", bila kukuambia ipi ni rahisi kushika na ipi inakuacha kwenye kamba nyembamba. Chukua ulinzi wa Philidor, unaofahamika tangu mwaka 1777. Weupe: mfalme d5, ngome a7, askari e5. Weusi: mfalme e8, ngome g6. Weupe wanacheza. Jedwali litasema sare. Halitakuambia kwamba siri ni kuishikilia ngome kwenye mstari wa sita ili mfalme mweupe asipande, kisha askari akisogea e6 na kupoteza kivuli cha mfalme wake, ngome ishuke upesi g1 na kuanza kutoa cheki kutoka nyuma. Fikra hiyo ni ya mwalimu. Jedwali linamsahihisha tu anapokosea kuieleza.

Kwenye hali za ushindi nako linaweza kushangaza. Syzygy inahesabu umbali hadi kete iliwe au askari asogee, kwa sababu hapo ndipo hesabu ya 50 inaanza upya. Haihesabu hadi mfalme afungwe. Kwa hiyo hatua inayoiweka juu kabisa pengine ni kuitoa kete bure ili hesabu ianze upya, jambo ambalo huwezi kumfundisha mtoto anayeanza. Mwambie achague hatua yoyote iliyoandikwa ushindi anayoielewa.

Jedwali halina saa pia. Farasi wawili dhidi ya mfalme mtupu ni sare, kwa kuwa hawawezi kulazimisha. Lakini kwa sheria za FIDE mwenye mfalme mtupu akiishiwa muda anashindwa, maana zipo hatua halali, hata za kijinga, zinazoweza kumfunga. Nawasisitizia wanafunzi hili kila mara: dai sare kabla bendera haijaanguka.

Leela

Leela ilianza mwaka 2018, ikifuata njia ambayo kampuni ya DeepMind iliionyesha na programu yake AlphaZero mwishoni mwa 2017. Mtandao wake ni mkubwa kuliko wa Stockfish na ulijifunza kwa kucheza na nafsi yake. Hupekua hali chache zaidi, ila kila moja huitazama kwa undani. Na kwenye suala letu la sare ina jambo zuri: asilimia zake tatu hazitokani na kugeuza namba. Mtandao unazitoa moja kwa moja, kwa kuwa ulifundishwa kutabiri matokeo. Ikikuambia asilimia 8 ushindi, 90 sare, 2 kushindwa, imeitambua sura ya sare ile kama mchezaji mzee anavyoitambua. Kwenye maboma na hali zilizojifunga, wachambuzi wengi huipenda kwa sababu hiyo.

Udhaifu wake uko kwenye miisho yenye hesabu kali, ya hatua moja tu kati ya ishirini. Hapo upekuzi mwembamba unaweza kupita bila kuiona. Miaka yake ya mwanzo ilikuwa pia na tabia ya kuzungukazunguka na ushindi mkononi, kwa sababu kila hatua ilionekana kushinda sawa, mpaka ilipoongezwa sehemu ya kukadiria hatua zilizobaki mwaka 2020. Kwa sisi kikwazo kikubwa ni vifaa. Leela inataka kadi nzuri ya michoro. Kwenye laptopi ya kawaida ya shule inajikokota, na kwenye simu unapata kivuli chake tu. Klabu ya chuo yenye kompyuta ya kadi nzuri inaweza kufaidi. Shule ya sekondari ya kata isijisumbue nayo mwaka huu.

Nani achague nini

Kijana mwenye simu tu na bando dogo: Stockfish ndani ya programu ya Lichess inafanya kazi bila intaneti, na inatosha kwa kila hali yenye kete nyingi. Zikibaki saba, afungue ubao wa uchambuzi wa Lichess kwenye kivinjari, au tovuti ya syzygy-tables.info. Jibu linalorudi ni maandishi machache, kwa hiyo linakula bando kidogo mno ukilinganisha na video moja ya WhatsApp. Asiiache Stockfish ikihesabu bila kikomo, kwa sababu inamaliza chaji haraka, na siku ya mgao wa umeme hilo si jambo dogo.

Mwenye Android anayeishi mahali mtandao ni wa kubahatisha, milimani kuelekea Makete kwa mfano, atazame DroidFish. Ni ya bure, inabeba Stockfish, na inaweza kusoma majedwali ya Syzygy yaliyohifadhiwa kwenye simu yenyewe.

Kwa klabu yenye kompyuta, ushauri wangu ni thabiti: pakua majedwali ya kete tatu hadi tano mara moja, penye Wi-Fi nzuri, uyaweke kwenye flashi na kuyagawa kwa klabu jirani. Yote ni karibu GB 1. Ukikosa nafasi, chukua yale ya matokeo tu, yanayoishia na .rtbw, chini ya MB 400. Kete tano zinaonekana chache, ila humo mna askari dhidi ya mfalme, ngome na askari dhidi ya ngome, malkia dhidi ya askari aliyekaribia kugeuka, askofu na askari wa pembeni. Miisho inayoamua michezo ya vijana wetu karibu yote imo.

Majedwali ya kete sita ni karibu GB 150. Sishauri shule iyanunulie diski wakati majibu ya kete saba yanapatikana bure mtandaoni. Fedha hiyo inunue mbao na saa. Ya kete saba ni terabaiti 17 hivi, tuwaachie wenye seva.

Usiyachukulie haya kama wapinzani watatu. Mpangilio mzuri ni Stockfish iliyounganishwa na majedwali ya kete tano. Hapo, hata ubao ukiwa na kete tisa, kila tawi la upekuzi linaloporomoka hadi kete tano linapata jibu la kweli badala ya kadirio, na sare nyingi zinajitokeza mapema zaidi kuliko Stockfish ikiwa peke yake. Tofauti hiyo utaiona zaidi kwenye miisho ya ngome, ambako kete huliwa kwa wingi kabla ya uamuzi.

Kuunganisha ni rahisi. Fungua mipangilio ya injini kwenye programu unayotumia, tafuta SyzygyPath, uandike njia ya folda yenye mafaili. Syzygy50MoveRule iache imewashwa, kwa sababu mashindano yetu yanafuata sheria hiyo. Kisha jaribu kwa hali hii: weupe, mfalme c6, askofu d4, askari a5, weusi, mfalme a8. Askofu ni wa nyumba nyeusi, a8 ni nyumba nyeupe, kwa hiyo mweusi hatoki kona ile na hakuna wa kumtoa. Namba inapaswa kuwa sifuri mara moja, na hesabu ya tbhits, yaani mara ambazo injini imepata jibu kwenye jedwali, isiwe sifuri. Tbhits zikibaki sifuri huku kete ubaoni ni nne, injini haijaliona folda. Rudia kuandika njia yake, na uhakikishe mafaili hayamo tena ndani ya folda jingine lililofungwa kwa zip.